Shajara ya mradi: nyumba inayomlinda mtoto hata mtu mzima akisahau

Jumamosi asubuhi, kuanza

Mradi ni huu: kuipitia nyumba yetu chumba kwa chumba na kuondoa yanayoweza kumuumiza mtoto, kabla mdogo wetu hajaanza kutembea. Kwa sasa anatambaa kwa kasi na ameanza kusimama dede akishikilia viti. Dada yake ana miaka minne, anafikia vitasa na anajua kuburuta kigoda mpaka anapotaka. Kwa hiyo tuna hatari za chini, anazozifikia mdogo mwenyewe, na hatari za juu, ambazo mkubwa anaweza kumteremshia mwenzake kwa nia njema kabisa.

Daftari nimeligawa safu mbili. Ya kwanza nimeiita "mara moja": jambo likishafanywa linamlinda mtoto usiku na mchana bila mtu kukumbuka chochote. Ya pili ni "kila siku": jambo linalohitaji mtu mzima alikumbuke kila mara, awe mzima au amechoka, awe na mgeni sebuleni au simu sikioni. Lengo ni kuhamisha mambo mengi iwezekanavyo kutoka safu ya pili kwenda ya kwanza.

Mgawanyo huu una asili yake. William Haddon, daktari wa Marekani aliyepewa kuongoza idara mpya ya serikali ya usalama wa barabara mwaka 1966, alifundisha kwamba karibu kila jeraha ni nishati iliyomfikia mtu kwa kiasi ambacho mwili hauwezi kustahimili: joto, umeme, kemikali, au nguvu ya mwili wenyewe unapoanguka. Ukiitazama ajali hivyo, unaona nafasi nyingi za kuingilia kati. Unaweza kuiondoa ile nishati, ukaipunguza, ukaitenga na mtoto, au ukaweka kizuizi kati yao. Kumwambia mtoto "usiguse" ni nafasi moja tu kati ya hizo, na kwa mtoto wa miezi kumi ndiyo dhaifu kuliko zote.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2008 ilisema zaidi ya watoto 2000 duniani hufa kila siku kwa majeraha yasiyokusudiwa: barabarani, majini, kwa moto na maji moto, kwa kuanguka, kwa sumu. Watoto wadogo sana siku yao yote huishia nyumbani, kwa hiyo na hatari zao nyingi ziko humo humo. Nimeiandika namba hiyo ukurasa wa kwanza ili nikianza kuona uvivu wa kupanda ngazi na kekee mkononi, niisome tena.

Jumamosi alasiri, sakafuni

Nimelala kifudifudi sebuleni, kisha nikatambaa kuelekea jikoni nikifuata njia anayopita mdogo. Nyumba inageuka kabisa ukiwa chini. Meza ambayo kutoka juu ni safi, kutoka chini ina skrubu iliyolegea na ncha ya kitambaa inayoning'inia usawa wa macho. Ukivuta kitambaa hicho, kila kilicho juu yake kinakuja. Chini ya kochi nimeokota sarafu, kibanio cha nywele, kifuniko cha kalamu na kipande cha mdoli. Kitambaa cha meza kimeondolewa leo leo. Hicho kimeingia safu ya kwanza, na hakikuhitaji hata nyundo.

Kipimo cha vitu vidogo kiko katika kila nyumba: lile bomba la karatasi gumu linalobaki karatasi za chooni zikiisha. Viwanda hupima vichezeo vya watoto walio chini ya miaka mitatu kwa silinda yenye upana wa milimita 31.7, kitu kikiingia humo kizima, hakiwafai. Bomba la karatasi ni pana kidogo kuliko silinda hiyo, kwa hiyo linakataa vitu vingi zaidi, na hilo ni jema.

Kazi hii nimemkabidhi mkubwa. Nimempa bomba lake na sanduku la vichezeo, nikamweleza kwamba kinachopita humo kinakaa juu ya rafu yake na kinachezewa mezani, mdogo akiwa amelala. Ameifanya kwa makini mno. Kila kitu alikitia, akakitikisa, akatamka hukumu: "Kinapita. Hakipiti." Kiatu cha mdoli kilikwama katikati, akaniita: "Baba, hiki kinataka kupita." Nikamwambia kinachotaka kupita kihesabiwe kimepita. Tangu hapo ndiye anayeniletea vitu anavyookota. Sitegemei macho yake kama kinga, ana miaka minne tu, lakini nimependa awe upande wa mradi kuliko kuwa mtu wa kukatazwa.

Jumapili, betri

Nilidhani ukurasa huu utakuwa mfupi, lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona unastahili siku yake.

Nazungumzia betri ndogo bapa za duara, zile zenye umbo la kifungo, hasa za litiamu zenye upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3. Upana huo ndio balaa lenyewe, kwa kuwa unatosha kukwama katika umio wa mtoto mdogo. Ikikwama, unyevunyevu wa mwili unaunganisha pande zake mbili na umeme unaanza kupita. Upande wa hasi hutengeneza alkali kali, na alkali hiyo ndiyo inayoila nyama. Betri haihitaji kupasuka wala kuvuja. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2, na betri ambayo haina tena nguvu ya kuendesha rimoti bado ina nguvu ya kutosha kuunguza umio. Kidonda kinaweza kuendelea kuchimba hata baada ya betri kutolewa, na kikiufikia mshipa mkuu wa damu, mtoto anaweza kufa.

Ubaya mwingine ni kwamba dalili zake zinafanana na za mafua au meno yanayoota: kutoa udenda, kukohoa, kukataa kula. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Ndiyo maana tumekubaliana mimi na mwenzangu kwamba tukihisi tu kuwa betri imemezwa, hatungoji kuona. Tunakwenda hospitali yenye eksirei moja kwa moja na kusema neno "betri" mlangoni. Hatumtapishi. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri apewe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 wakati wa safari, visizidi vipimo sita, ikiwa betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita na anaweza kumeza. Asali hupunguza kasi ya kuungua, haiitibu, na haifai kuwa sababu ya kuchelewa kuondoka. Chini ya mwaka mmoja haipewi kabisa, kwa hiyo kwa mdogo wetu haihusiki bado.

Kisha nikaanza msako: rimoti, mizani ya jikoni, kipimajoto, ufunguo wa gari, mshumaa wa plastiki unaowaka kwa betri, kadi ya pongezi inayoimba ukiifungua. Kila kimoja nilikijaribu kwa kidole gumba tu, bila kifaa. Mizani na kipimajoto vina skrubu, vimebaki. Kifuniko cha rimoti kinateleza kwa msukumo mdogo, nacho nimekizungushia utepe mgumu mara kadhaa mpaka kucha haishiki ukingo. Mshumaa na kadi vimetoka nyumbani. Betri mpya ziko katika kabati la juu lenye kufuli, na kila betri iliyokwisha nguvu inabandikwa utepe pande zote mbili hapo hapo inapotolewa, kisha inakwenda kwenye kopo lililo kabati hilo hilo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 inataka vifaa vyenye betri hizi viwe na kifuniko kisichofunguka bila kifaa, au bila miondoko miwili tofauti kwa wakati mmoja. Nimeichukua kuwa kanuni yangu ya kununua: kisichokuwa na skrubu hakiingii ndani.

Sumaku ndogo zenye nguvu zimeandikwa ukurasa huu huu. Moja ikimezwa inaweza kupita. Zikiwa mbili, hushikana kupitia kuta za utumbo na kuubana mpaka utoboke. Hatuna, na hatutakuwa nazo.

Wiki iliyofuata, jikoni

Tumeanza na geti dogo la mbao mlangoni. Liko juu kidogo ya kifua cha mkubwa, fito zake zimesimama wima ili zisipandike, na komeo liko upande wa ndani. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote tuliyofanya mpaka sasa. Kabla ya geti, jiko lilikuwa na mambo mengi katika safu ya "kila siku": mpini wa sufuria ugeuzwe nyuma, kisu kisiachwe ukingoni, chungu chenye maji kiwe jiko la nyuma, pasi isiachwe ipoe sakafuni, mtungi wa gesi ufungwe. Yote bado tunayafanya, lakini sasa mtu akisahau moja, kuna kitu kimesimama kati ya kosa na mtoto.

Vimiminika vya moto vimenisumbua kuliko moto wenyewe. Mtoto huogopa mwali, kikombe hakiogopi. Kinywaji cha moto kinaweza kumbabua mtoto mdogo hata dakika 15 baada ya kumiminwa, yaani wakati mnywaji anakiona kimepoa na anaanza kukinywa kwa raha. Na mtoto aliyepakatwa hufikia mbali kuliko unavyokadiria. Tumeafikiana kwamba anayempakata mtoto hashiki kikombe, na mwenye kikombe hapakati. Limebaki safu ya pili, sioni namna ya kulihamisha.

Waya wa birika la umeme ulikuwa unaning'inia ukingoni. Nimeufupisha kwa kuuzungusha chini ya kitako cha birika, na birika limesogezwa mpaka ukutani. Hilo limehamia safu ya kwanza.

Maji ya bomba nayo yamepimwa. Maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Yakishushwa hadi nyuzi 49, muda huo unakuwa wa dakika badala ya sekunde, na dakika zinatosha mtu kumtoa mtoto. Hita yetu ilikuwa imewekwa juu. Nimegeuza kitufe, nikangoja mpaka kesho yake, nikapima tena kwa kipimajoto cha jikoni kwenye bomba lililo mbali zaidi. Ni kazi ya muda mfupi sana ukilinganisha na inachokizuia.

Ukutani, nje ya geti, nimebandika karatasi yenye herufi kubwa: *Akiungua: maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20.* Chini yake nimeongeza kwamba nguo na bangili zivuliwe mapema kabla ya kuvimba, isipokuwa zilizogandamana na ngozi. Kwamba hata likipita jambo na mtu akachelewa, kupoza bado kuna faida ndani ya saa 3. Na kwamba barafu, mafuta, dawa ya meno na ute wa yai havipakwi. Baada ya kupoza, funika kwa plastiki safi nyembamba ya kufunikia vyakula au kitambaa safi kisicho na manyoya, kisha hospitali. Dakika 20 ni nyingi mtoto akilia. Ndiyo maana zimeandikwa kwa namba na kwa herufi kubwa.

Siku aliyofika bibi yao

Dawa nilikuwa nimeshazimaliza: zote ziko kabati la juu, lina kufuli, ufunguo uko juu ya fremu ya mlango. Kisha mama yangu akaja kukaa nasi, na mkoba wake akauweka anapouweka siku zote, sakafuni kando ya kiti.

Mdogo aliufikia kabla chai haijamiminwa. Mama akaucheka utundu wake, akautoa mkoba, akauweka juu ya kiti. Nikamuomba ruhusa kuona dawa zake. Za presha ziko kwenye kijisanduku chenye vyumba vya siku za wiki, kile kinachofunguka kwa ukucha. Nikamwambia, "Mama, naomba hivi vikae kabatini na vyetu." Akanijibu, "Mwanangu, nikiziweka mbali na macho nitasahau kumeza, na hapo utaniuguza mimi." Ana haki. Dawa za presha ni miongoni mwa zile ambazo kidonge kimoja au viwili tu vinaweza kumhatarisha mtoto mdogo, na wakati huo huo yeye anazihitaji kila asubuhi.

Tukatafuta njia ya pamoja. Kijisanduku kiko kabatini, simu yake inalia saa ya dawa, na yeye ndiye aliyechagua mlio. Nyuma ya mlango wa chumba chake nimefunga ndoano juu, usawa wa kichwa changu, kwa ajili ya mkoba. Ndoano nyingine iko karibu na mlango wa mbele, kwa wageni wote. Mgeni hahitaji kuhojiwa ana nini mkobani, anapokewa tu mkoba kwa heshima na unatundikwa. Mama sasa ndiye anayewapokea wenzake mikoba.

Kuhusu vifuniko. Mwaka 1967 daktari wa watoto wa Kanada, Henri Breault, aliyechoshwa na kuwatibu watoto waliokunywa dawa za nyumbani, alisukuma kupatikana kwa kifuniko cha kubonyeza huku ukizungusha, na vifo vingi vimeepukwa kwa sababu yake. Hata hivyo, ni vyema kujua kipimo kinachotumika Marekani: watoto wenye umri wa kati ya miezi 42 na 51 hupewa chupa kwa dakika 10 kwa jumla, na kifuniko hufaulu ikiwa angalau asilimia 80 wameshindwa kukifungua. Maana yake hata mmoja kati ya watano anaweza kufungua, na chupa bado ikapitishwa. Mkubwa wetu ana umri huo huo. Kifuniko kinatupa muda. Kinga ni kufuli.

Kemikali za usafi, mafuta ya taa na dawa ya kuzibua mabomba vimeondoka chini ya sinki na kwenda juu. Kanuni moja nimeiandika kwa wino mwekundu: hakuna kitu kinachohamishwa kutoka chombo chake cha asili kwenda chupa ya soda au ya maji. Mtoto anaijua chupa, hajui kilichomo. Akinywa, hatumtapishi. Kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yakipanda ni rahisi kuingia mapafuni, ambako ndiko huua. Tunachukua chombo chenyewe na kwenda nacho hospitali.

Vidonge vya madini ya chuma vya mwenzangu, alivyobakiza tangu uzazi, vimewekwa pamoja na dawa kali. Watu huviona kama vitamini tu na kuviacha mezani, kumbe kwa mtoto mdogo ni sumu ya kuua.

Jumamosi nyingine, kekee

Kabati la nguo la watoto lina droo nne. Nilizifungua zote kwa wakati mmoja, nikaweka mkono juu ya ile ya chini na kuegemea. Kabati zima lilianza kuja, taratibu kwanza, kisha kwa ghafla, na nikalizuia kwa goti. Mtoto anayepanda droo anafanya hicho hicho, bila goti la kulizuia.

Nimetoboa ukuta mahali pawili, nikatia vipande vya plastiki vinavyoshika skrubu, nikafunga vyuma vya pembe kutoka ukutani hadi kwenye ubao mgumu wa nyuma ya kabati. Nasisitiza ubao mgumu, kwa sababu lile bapa jembamba la mgongoni halishiki kitu. Nikafungua tena droo zote, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Halikutikisika. Nguo nzito zimeshuka droo ya chini. Televisheni imefungwa ukutani, na rafu ya vitabu pia. Juu ya kabati hapawekwi kichezeo wala kitu kitamu cha kumfanya mtoto atamani kupanda.

Madirisha. Mji wa New York ulianza kampeni ya kuzuia watoto kuanguka madirishani mwaka 1972, wakigawa vizuizi vya chuma kwa familia, na mwaka 1976 ukawalazimisha wenye nyumba kuvifunga palipo na mtoto wa miaka 10 au chini. Watoto walioanguka walipungua sana. Naipenda habari hii kwa sababu hakuna mzazi aliyeambiwa awe macho zaidi. Madirisha ndiyo yaliyobadilishwa. Kipimo ni sentimita 10: uwazi unaozidi hapo unaweza kumpitisha mtoto mdogo. Nimefunga vishikio vinavyozuia dirisha kufunguka zaidi ya hapo, vya aina ambayo mtu mzima anaweza kuviachia haraka kukitokea moto. Nondo zisizofunguka kabisa zingekuwa hatari ya namna nyingine. Wavu wa wadudu hauhesabiki. Kitanda na kochi vimesogezwa mbali na dirisha, na kamba za mapazia zimekatwa zikabaki fupi, juu.

Umeme, kwa ufupi

Soketi zetu ni za pini tatu, zenye vizibo vya ndani vinavyofunguka pale tu pini ndefu inapoingia. Vifuniko vya plastiki vya kuchomeka juu yake sikuvinunua. Visivyolingana na soketi vinaweza kuvifungua vile vizibo vya ndani, na kimoja kikichomolewa kinakuwa kitu cha kumezwa. Fundi amethibitisha kwamba swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30, iko na inafanya kazi. Kitufe chake cha majaribio nakibonyeza kila mwanzo wa mwezi.

Shemeji na kigari

Shemeji alileta zawadi: kigari cha magurudumu cha kumkalisha mtoto ajifunze kutembea. Ni zawadi ya mapenzi na tuliipokea kwa mikono miwili. Lakini mtoto ndani yake anaweza kwenda mita moja kwa sekunde, anafika mlangoni, kwenye ngazi au kwenye jiko kabla mtu mzima hajainuka, na hakimharakishi kutembea. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004, kuanzia kuuza hadi kutangaza. Mwenzangu alimweleza ndugu yake hayo kwa upole, wakabadilishana: kigari kikarudi, kikaja kigoda cha mbao kizito anachoweza kukisukuma akiwa amesimama. Shemeji mwenyewe ndiye aliyekuwa anamshika mkono siku ya kwanza.

Maji

Hapa ndipo safu ya pili inapogoma kuhama.

Sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha mtoto mdogo. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo akiinama kwenye ndoo ya lita 20 na kutumbukia, hawezi kujinyanyua, na ndoo yenye maji ni nzito mno kupinduka. Wala hapigi kelele. Anayetegemea kusikia mbubujiko au kilio anategemea kisichokuwepo.

Yaliyohamishika nimeyahamisha. Mlango wa bafu na choo una komeo la juu, upande wa nje. Maji ya akiba yako kwenye mapipa yenye vifuniko vinavyofungwa kwa kuzungushwa. Ndoo na beseni, kazi ikiisha, vinamwagwa na kupinduliwa juu chini, na mahali pake pamechorwa alama ili isipokuwepo ionekane.

Kuogesha kwenyewe hakuna kifaa. Viti vya kumkalisha mtoto majini sivitaki, vinampa mtu mzima ujasiri wa kugeuka. Tulichofanya ni kupunguza sababu za kuondoka: taulo, sabuni, nguo safi na nepi vinakaa kwenye kikapu kimoja kinachoingia bafuni kabla ya maji, na simu inabaki nje. Maji baridi yanatangulia, ya moto yanafuata, kiwiko kinapima. Ikibidi kutoka, mtoto anatoka naye, hata akiwa na povu. Na dada mtu haachiwi kumwangalia, hata aombe vipi.

Chakula na usingizi

Mezani pia kuna mengi ya kila siku. Zabibu na nyanya ndogo za duara zinakatwa kwa urefu, vipande vinne, kwa sababu kipande kilichokatwa kwa upana bado ni kizibo cha duara. Karanga na jamii yake nzima nzima hazipewi mpaka miaka mitano. Anakula akiwa ameketi. Maputo yasiyopulizwa hayamo nyumbani.

Sisi wakubwa wote, bibi yao akiwemo, tumejifunza kwa mhudumu wa afya na kurudia kwa mdoli mpaka mikono ikazoea. Mtoto chini ya mwaka: kichwa chini kuliko kifua, mapigo 5 ya kiganja kati ya mabega, kisha misukumo 5 ya kifua, kwa zamu. Juu ya mwaka, misukumo ni ya tumbo, juu ya kitovu. Anayekohoa kwa nguvu anaachwa akohoe. Kidole hakiingizwi kinywani kutafuta kisichoonekana.

Kitanda chake kina godoro gumu na shuka lililobana, basi. Analazwa chali. Mto na midoli vitasubiri.

Hali ya daftari leo

Ameachia kiti. Hatua chache, akakaa, akainuka tena. Kwa hiyo tarehe niliyokuwa naikimbilia imefika, na nimekagua kila ukurasa.

Jikoni, dawa, betri, fanicha na madirisha: mengi yako safu ya kwanza. Maji, chakula na kikombe cha moto: safu ya pili, na yameandikwa kwenye karatasi ya jikoni ili yeyote anayeachiwa mtoto ayasome kwanza. Hatua inayofuata ni kupanda, na watoto wengi hufika hapo kabla ya kutimiza miaka miwili. Inabidi kuangalia kama geti la jikoni litamzuia atakapokuwa na kigoda, kuhamisha kopo la betri rafu moja juu zaidi, kushusha godoro la kitanda chake, na kukaza upya skrubu za kabati la nguo, ambazo nimezipangia kila mwisho wa mwezi pamoja na utepe wa rimoti, ambao umeanza kuchanika upande mmoja na utabadilishwa jioni hii.